Yai Linalia

Mama yangu hakubali mgeni aondoke kwake mikono mitupu. Juni 2024, tulipomaliza likizo kwake Kilosa, alikamata mtetea mmoja kishingo, asiye na manyoya shingoni, akamfunga miguu kwa kamba ya katani na kumkabidhi binti yangu. "Huyu wako, mke mwenzangu," alimwambia. "Usimwachie mtu mwingine amlishe." Kuku yule alisafiri hadi Dar es Salaam ndani ya tenga, chini ya kiti cha basi. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, hakusinzia njia nzima.

Miezi michache kabla ya safari hiyo nilikuwa nimeitwa shuleni. Mwalimu alinieleza kwa upole kwamba mtoto anasoma kwa kusuasua na hesabu hazimwingii. Madaftari yake yalikuwa saba, yote yamevikwa karatasi ya kaki, na kilichoandikwa katika moja hakikuwahi kuhamia katika jingine. Jioni moja nilimwuliza: chungwa lina vipande kumi, tukigawana sawa mimi na wewe, kila mmoja anapata vingapi? Akanitazama, akauliza, "Hilo ni swali la hesabu au la sayansi?" Lilinikaa kifuani muda mrefu. Alikuwa amejifunza kwamba kabla ya kufikiri sharti kwanza ajue ni kipindi gani.

Sikumleta kuku yule nyumbani kwetu Kimara ili afundishe. Nilimleta kwa sababu zawadi ya mama haikataliwi. Siku tatu za kwanza tulimwacha na kamba mguuni, imefungwa kwenye mwembe, mpaka azoee banda. Mtoto aliona ni ukatili. Nikamwambia methali ambayo bibi yake angemwambia: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akauliza mgeni huwa mgeni mpaka lini. Nilijibu kwamba kuku, Afrika nzima, ni mgeni. Hakuamini.

Jioni ile tulikaa barazani nikamweleza nilichokijua. Kanga ndiye ndege wetu, mwenyeji wa mbuga hizi, na hata khanga tunazovaa husemwa zilipata jina kutokana na madoadoa yake. Kuku asili yake ni ndege wa msituni wa Kusini-Mashariki mwa Asia, ambaye mpaka leo anaishi porini huko, jogoo wake mwekundu kama moto. Watu walimfuga, wakasafiri naye, na katika njia zake mojawapo alivuka Bahari ya Hindi. Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mifupa ya kuku ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, pamoja na ya panya waliodandia majahazi bila kualikwa. Mtoto alikwenda kumtazama kuku wake kwa tochi, kama mtu anayemtazama jamaa aliyerudi kutoka safari ya mbali.

Kesho yake alianza kuuliza majirani kuku anaitwaje kwao. Nilimsaidia kwa yale yaliyokuwa nje ya mtaa wetu. Kihaya, enkoko. Kisukuma, ngoko. Kinyakyusa, inguku. Kule Malawi, nkhuku, na kwa Wazulu, inkukhu. Akayaandika majina yote kwenye ramani ya Afrika aliyoichora mwenyewe, akayaona yanafanana kama ndugu. Halafu nikampa jina moja la kumshangaza. Madagaska, ambako lugha yake ina asili ya visiwa vya mbali vya Asia upande wa Borneo, kuku anaitwa akoho. Watu wale walitoka upande uleule alikotoka kuku, lakini jina la kuku walilichukua kwetu. Alikaa kimya akiitazama ramani. Hakuna aliyemwambia kwamba lile lilikuwa somo la historia, na ndiyo maana, naamini, alikuwa bado anafikiri.

Nikamnunulia daftari la nane. Halikuwa na jina la somo. Juu yake aliandika KUKU.

Jogoo alikuwa wa jirani, na kazi yake nilimweleza mtoto kwa maneno ya wazi, kwa sababu aliuliza kwa maneno ya wazi. Mtetea alitaga karibu kila siku, akitetea kwa sauti kila anapotoka kiotani, mpaka mayai yakafika 11. Jumanne, tarehe 16 Julai, akakataa kuondoka. Ukimkaribia alivimba na kunguruma. Ameanza kuatamia, nikasema. Mtoto akachukua kalenda, akahesabu siku 21 kama bibi alivyomwagiza kwa simu, kidole chake kikaangukia Jumanne nyingine, tarehe 6 Agosti. "Mbona ni Jumanne tena?" Nikamwachia swali. Lilimchukua siku mbili. Akaja jikoni mbio: kwa sababu 21 ni wiki tatu kamili, hakuna siku inayobaki. Mtoto yule ambaye jedwali la saba lilikuwa likimtoa machozi alikuwa ameligundua upya peke yake, na kuanzia hapo alilipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokiokota mwenyewe.

Lakini alikuwa na neno jingine. Yai la kwanza lilitagwa zaidi ya wiki moja kabla ya la mwisho. Je, halitaanguliwa mapema? Nilifurahi kwa swali lile kuliko kwa alama yoyote aliyowahi kuniletea. Jibu lake ni mojawapo ya mambo mazuri ninayoyajua kuhusu viumbe hai: yai linasubiri. Bila joto la mama, uhai uliomo unatulia, haukui. Kuku hutaga moja moja bila kulalia, kisha akishakamilisha idadi anaketi juu ya yote, na safari inaanza siku moja kwa wote. Kwa hiyo ndugu waliotagwa kwa wiki nzima na ushee wanazaliwa karibu kwa pamoja.

Tuliweka alama ya penseli kwenye yai moja. Jioni, kuku alipoondoka dakika chache kunywa na kula, tulilipima kwa mizani ya jikoni. Siku ya kwanza lilikuwa gramu 42. Mtoto alitegemea uzito upande, kwa kuwa ndani mna mtoto anayekua. Siku ya kumi na nane mizani ilisoma 37. Akapima tena. Akaishtaki mizani kuwa imeharibika, tukaipima kwa pakiti ya chumvi, mizani nzima. Gramu tano zimekwenda wapi? Alilizungusha yai akitafuta ufa, akalinusa, akaliweka sikioni. Ilibidi niingie sasa na kumwambia kwamba ganda la yai lina matundu maelfu, madogo yasiyoonekana kwa macho, na kwamba kupitia humo hewa inaingia na maji yanatoka kama mvuke, ndiyo maana yai linapungua huku kifaranga anaongezeka. Akaandika: 42 kutoa 37 ni 5. Chini yake akaandika: hizi tano zimepaa.

Nawaomba wasomaji walimu waitazame sentensi ile. Ni hesabu ya kutoa. Ni sayansi ya mvuke. Ni Kiswahili kizuri pia, kitenzi kimoja kimefanya kazi ya aya nzima. Sikumwambia aandike kwa ufasaha. Alikuwa na jambo la kusema, na neno likaja.

Kufundisha hivi si jambo jipya. Mwaka 1896 mwanafalsafa John Dewey alifungua shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, na miaka mitatu baadaye akaeleza kwa maandishi jinsi watoto wa shule hiyo walivyokuwa wakipika. Katika mfano wake mmoja yamo mayai: watoto wanaangalia joto la maji linafanya nini kwenye ute mweupe, na wanalinganisha yai na mboga walizopika kabla. Aliona mahali pale kwamba upishi umekuwa mlango wa kemia. Wengine baada yake waliipa njia hii majina mbalimbali, na walimu wetu wanaijua kama kufundisha kwa mada. Chagua mada, mara nyingi mnyama, kisha pitisha masomo yote humo.

Hapa pana kosa ninaloliona mara nyingi, na nalisema kwa uchungu kwa sababu linafanywa na watu wenye nia njema. Kitabu cha watoto kinakuwa na tembo kila ukurasa. Tembo watatu jumlisha tembo wawili. Herufi T, tembo. Paka rangi tembo. Ondoa tembo weka vikombe, hakuna kinachobadilika katika kitabu kile. Tembo amekuwa pambo. Hajaulizwa anakula kiasi gani, kwa nini anatembea mbali, nani alibeba pembe zake mpaka Bagamoyo na akalipwa nini. Mada ya mnyama haiunganishi masomo kwa kubandika picha ya mnyama kwenye kila somo. Inayaunganisha pale tu mnyama mwenyewe anapoleta swali ambalo huwezi kulijibu mpaka uchukue chombo: mizani, ramani, kamusi, kumbukumbu ya bibi. Masomo ni vyombo hivyo. Mtoto anayevikuta vimetundikwa ukutani bila kazi hawezi kujua ni vya nini.

Na sisi tulionywa mapema. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na alitaka shamba hilo liwe sehemu ya mafunzo yenyewe, wanafunzi wakishiriki kupanga na kuyaona matokeo ya uamuzi wao. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na banda la kuku. Nalikumbuka kwa harufu yake. Waliochelewa namba waliadhibiwa kulisafisha. Miaka yote niliyokaa pale sikumbuki yai hata moja kuingizwa darasani, wala hatukuambiwa kuku wangapi wametaga na fedha zimekwenda wapi. Hatua hamsini tu zilitenganisha banda na ubao, na hakuna aliyezivuka. Tulijifunza uzazi wa ndege kwa kunakili mchoro, huku ndege wenyewe wakituwikia dirishani.

Siku ya saba ya kuatamia tulizima taa tukayamulika mayai kwa tochi ya simu. Mawili yalikuwa meupe ndani, yamenyamaza: mayai viza. Katika mengine ilionekana mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka kwenye doa moja jeusi. "Baba, kama Rufiji," alisema, akikumbuka mto unavyogawanyika kabla ya kuingia baharini. Nikamwambia kwamba Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliandika jinsi yai linavyobadilika siku baada ya siku, na kwamba siku ya tatu huonekana nukta ya damu inayodunda, nayo ni moyo. Hakuwa na tochi ya simu. Ilibidi yai lipasuliwe ili lisomwe. Mtoto akazima tochi upesi na kuyarudisha mayai kiotani, akihofia baridi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Katika daftari lake la Kiswahili kulikuwa na zoezi la ngeli lenye alama nyekundu ya kosa. Alikuwa ameandika: kifaranga kimekunywa maji. Kwake lilikuwa kosa lisiloeleweka. Kiti kimevunjika, kikombe kimejaa, kifaranga kimekunywa. Alifuata sauti ya mwanzo wa neno, na sauti haikumdanganya. Mwalimu alikuwa amesahihisha juu yake, "amekunywa", bila maelezo. Nami nilipoulizwa nilimjibu kama nilivyojibiwa utotoni, kwamba viumbe vyenye uhai huchukua a- na wa-. Akaitikia. Nilijua hajaelewa.

Jumatatu, siku ya ishirini, baada ya magharibi, alikuwa amechuchumaa bandani. Nikasikia anapiga kelele. "Baba! Yai linalia!"

Nilikwenda. Ilikuwa kweli. Kutoka chini ya mbawa za kuku ilitoka sauti ndogo, nyembamba, na kuku naye aliijibu kwa mlio wa chini ambao sijamsikia akiutoa wakati mwingine wowote. Ganda lilikuwa bado halijatoboka. Tulikaa pale tukisikiliza mazungumzo ya watu wawili ambao hawajaonana. Kisha mtoto akafungua daftari la kuku juu ya goti, akaandika kwa mwanga wa tochi: Yai linalia. Akatulia. Nikaona anarudisha penseli nyuma. Akafuta. Akaandika: Kifaranga analia. Akaniangalia.

"Ni nani anayelia?" aliniuliza. "Yai au yeye?"

Sikujibu haraka, na sasa najua kwamba kutojibu kwangu kulikuwa ndiko kufundisha. Alikuwa amesimama mahali ambapo lugha yetu yenyewe inasimama. Kiswahili hakikuruhusu umtaje kiumbe bila kwanza kuamua kama ni kitu au ni mwenzako katika uhai. Yai ni hili, linawekwa, linapimwa, linakaangwa. Kifaranga ni huyu, analia, anasikia kiu, anamwogopa mwewe. Hata jina lake lianze kwa ki- kama kijiko, ngeli haidanganyiki na vazi la jina, inatazama pumzi. Na mpaka kati ya hili na huyu uko mahali fulani katika siku zile 21. Wapi hasa? Wanafalsafa wameliandikia hilo vitabu. Binti yangu alilifikia kwa kifutio.

Tangu usiku ule hakukosea tena upatanisho wa ngeli hiyo. Kijana amefika, kiongozi amesema, kipofu amevuka, kifaranga amekunywa. Wahenga waliotuachia lugha hii walikwisha kuiweka biolojia ndani ya sarufi, lakini tumezoea kuifundisha kama kanuni za barabarani.

Siku ya pili, Jumanne ileile aliyoihesabu, wanane walitoka. Watano walikuwa na shingo tupu kama mama yao, watatu wana manyoya, na hilo likafungua mlango wa urithi: kwa nini mimi nina kidole gumba kama cha bibi? Yai la tisa lilitoboka kidogo, likaishia hapo. Mawili kati ya mayai 11 viza, mmoja amekufa akiwa njiani, wanane wamezaliwa; ikabidi tuzungumze juu ya sehemu ya kitu kizima, na sikuhitaji kuchora mkate wa mviringo ubaoni.

Wiki ya pili mwewe alichukua mmoja. Hiyo nayo ina simulizi yake, ambayo mama yangu aliisimulia kwa simu ikiwa imewekwa kipaza sauti: kuku aliazima wembe wa mwewe, akaupoteza, na tangu siku hiyo anachakura ardhi akiutafuta, na mpaka aupate mwewe atalipwa kwa watoto. Mtoto alisikiliza kwa makini. Baadaye alisema simulizi imeeleza mambo mawili kwa mara moja, kuchakura na kuibwa, na akataka kujua kama yote mawili yana sababu nyingine. Tukaenda kuchimba pale kuku alipochakura, tukapata mchwa, mbegu, changarawe. Sikumwambia simulizi ya bibi ni uongo. Mtu aliyeitunga alikuwa amemtazama kuku kwa muda mrefu na macho yaliyotulia, na kutazama hivyo ndiko kunakoanza kila kitu.

Kisha mmoja mwingine, aliyekuwa dhaifu tangu kuzaliwa, alifia mkononi mwake asubuhi ya Jumamosi. Alilia. Nilimsaidia kuchimba shimo chini ya mwembe. Jioni nilikuta ameandika tarehe na sentensi moja: Kifaranga amekufa. Aliniuliza kama sasa angepaswa kuandika kimekufa, kwa kuwa uhai haupo tena. Nikamwambia hapana, lugha inaendelea kumwita yeye. Alionekana kufarijika kwa jambo ambalo mimi, katika miaka yangu yote ya kusoma sarufi, sikuwahi kuliona kama faraja.

Mdondo ulipoanza kusikika mitaa ya jirani, kuku alitufikisha kwenye somo ambalo sikulitarajia. Ugonjwa huo kitaalamu unaitwa kwa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, ambako uliripotiwa miaka ya 1920, na ukishaingia bandani hauna tiba. Chanjo ipo, tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini chupa moja ina dozi za kuku mia na zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi. Sisi tulikuwa na kuku saba. Nikamwuliza mtoto tufanye nini. Alichukua daftari, akapita nyumba kwa nyumba, akiamkia shikamoo na kuomba kuhesabu. Nyumba tisa, kuku 63. Akagawa bei ya chupa kwa idadi ya kuku, kila nyumba ikajua sehemu yake. Balozi wa mtaa wetu aliita watu Jumapili, tukakusanyika na matenga na makapu. Mzee mmoja aliyekuwa amekataa alikuja mwishoni akiwa na jogoo wake kwapani, kwa sababu mtoto alimweleza kwamba ugonjwa hauulizi ua ni wa nani. Kitabu cha uraia kina sura nzima juu ya ushirikiano katika jamii. Alikuwa ameisoma na kupata alama nne kati ya kumi.

Najua yapo ambayo kuku hafundishi. Jedwali la kuzidisha, hata baada ya furaha ya saba mara tatu, lilibidi likaririwe kila jioni kwa sauti, mpaka likakaa. Mwandiko ulitaka mazoezi. Wapo watu wanaodhani mtoto akishapewa mnyama na uhuru yote yatakuja yenyewe, nami siwaungi mkono. Saa nyingi za elimu ni za kurudia, na mtoto anahitaji mtu mzima wa kukaa naye katika saa hizo. Ila tofauti niliiona. Kabla ya kuku, kukariri kulikuwa adhabu isiyo na mwisho. Baada yake alikariri kama mtu anayenoa kisu anachokijua kazi yake.

Na kisu kilikuja. Idd el-Fitr ya Machi 2025 tulikuwa na wageni, na kati ya vifaranga waliokua, mmoja alikuwa jogoo aliyekwisha kuanza kupigana na wa jirani. Sikutaka kumficha mtoto. Tulikaa, nikamweleza adabu ya kuchinja tuliyofundishwa: mnyama apewe maji, kisu kisinolewe mbele yake, asichinjwe mwenzake akitazama, jina la Mwenyezi Mungu litajwe, kwa sababu roho si mali yetu. Akauliza kwa nini tunajali aone au asione kisu ilhali tunamwua. Nikasema ni kwa kuwa yeye ni huyu, si hiki. Alielewa mara moja nilikotoa neno hilo. Alikwenda kwa rafiki yake mpaka shughuli ikaisha. Mezani, shangazi yake alipoita, "Nyama imeiva, njooni," nilimwona anainua uso. Nyama imeiva. Siku moja ndani ya nyumba moja, tangu alfajiri hadi adhuhuri, a- ilikuwa imegeuka i-. Hakula. Hakuna aliyemlazimisha, wala yeye hakumlaumu aliyekula.

Mwalimu wake, ambaye ni mtu wa haki, aliniomba lile daftari la nane alipeleke kwa wenzake. Walilipitia wakitafuta ni somo gani lipewe sifa, wakashindwa kukubaliana, na mwisho mwalimu wa sayansi akaomba ruhusa ya kuleta mayai matano na tochi darasani. Ana wanafunzi 80 na zaidi katika chumba kimoja. Hawezi kumpa kila mtoto kuku, na mzazi yeyote anayedai hivyo hajaingia darasa lile. Yai moja lililozungukwa na vichwa kumi na sita, hata hivyo, lilitosha kwa kipindi kizima.

Juni iliyofuata tulirudi Kilosa. Ndani ya tenga, chini ya kiti cha basi, alikuwamo mtetea mmoja kishingo, mtoto wa yule wa kwanza. Binti yangu alimkabidhi bibi yake kwa mikono miwili. Mama akampapasa kifua, akamtazama macho na kucha, kama afanyavyo kwa kila kuku, kisha akauliza amezaliwa lini.

"Jumanne," alijibu mtoto. "Lakini alianza kulia Jumatatu."